Ndoa ya Picha Jumba la Ukingoni

"Swalehe, kila mtu ameshavaa. Wewe uko wapi?"

"Nipo Masasi, mnadani. Mnada haujafungwa, mpenzi. Nikiondoka sasa hivi korosho zote zinachukuliwa na wengine."

"Uliniahidi."

"Hajira, si ni picha tu? Tafuteni mtu asimame pale badala yangu. Hata huyo fundi wenu, yule Mujibu. Mvisheni kanzu, mmalize."

"Mujibu?"

"Ndiyo. Ni picha tu, jamani!"

Simu ikakatika. Hajira akabaki ameishika sikioni, amesimama juu ya ngazi, hina mpaka viwikoni, shela jekundu kichwani. Mbele yake bonde la Ruvuma lilikuwa limejaa ukungu, Msumbiji yote imezama humo, na mtu ungedhani ukishuka ngazi moja zaidi utatembea juu ya mawingu.

Jumba la Ukingoni, kwa asiyelijua, liko Newala pale nchi inapokatika. Lilijengwa na Mjerumani, likakaliwa na Mwingereza, halafu likakaliwa na popo. Popo ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote. Kisha akaja Madam Veridiana, mtoto wa Lukuledi aliyetafuta maisha Dar akayapata, akalifufua likawa hoteli. Kuta zikapakwa chokaa, vitanda vikawekwa vyandarua virefu kama mapazia ya peponi. Bei ya kulala usiniulize, utaumwa na tumbo.

Sasa Madam alitaka video ya harusi ili wenye fedha zao waje kuoana pale. Akamwambia Hajira, binti wake wa mapokezi, "Wewe si unaolewa na Swalehe msimu ukiisha? Fanyeni ya picha hapa kwangu, ya kweli mtakwenda kufanya kwenu Mkunya." Baba yake Hajira, Mzee Fikirini, akakubali kuja kuwa baba. Kila kitu kikawa sawa, isipokuwa bwana harusi.

"Amesemaje?" Madam aliuliza.

"Amesema tumvishe Mujibu."

Madam akacheka, halafu akamwangalia binti usoni, akaacha kucheka.

Huyo Mujibu ni seremala, mtoto wa Masasi mjini. Madirisha yote ya jumba lile ni mkono wake, na ngazi, na milango. Jumba zima lilijua kwamba anampenda Hajira. Kilichokuwa hakijapata habari ni mdomo wake mwenyewe. Walipomwambia avae kanzu ya Swalehe hakubisha. Ilimwishia kwenye miundi, maana Swalehe ni mfupi.

"Umependeza, fundi," Hajira alimtania.

"Usinicheke."

"Sikucheki. Miguu ndiyo inanichekesha."

Maalim Uwesu alikuwa amealikwa aonekane kwenye picha na joho lake. Tangu asubuhi alishaonya, "Maneno ya ndoa hayachezewi. Wapigeni picha wakila halua, inatosha." Madam akamtuliza kwamba yatatumika majina ya bandia, mwali ataitwa Zuhura na bwana harusi Abduli. Maalim akaguna, akatoka kwenda kutawadha.

Wakaanza. Hajira akaketi nyuma ya pazia, baba yake akaenda kumuuliza kama inavyoulizwa kwetu.

"Mwanangu, Mujibu amekuja kukuoa. Nimuozeshe?"

Kimya.

"Mwanangu Hajira, nimuozeshe?"

Kimya tena. Nje upepo wa bondeni ulisukuma ukungu ukaingia madirishani, chumba kikafifia, hata kamera ikasahaulika. Hajira alimwona Mujibu kupitia kitambaa, kivuli kirefu chenye kanzu fupi, ameinamisha kichwa. Moyo wake ukampiga kama umegongewa hodi.

"Kwa mara ya tatu, mama. Nimuozeshe?"

"Ndiyo, baba. Niozeshe."

Mzee Fikirini akarudi, akamshika Mujibu mkono. Madam akamnong'oneza, "Mzee, Zuhura na Abduli!"

"Zuhura ni nani?" mzee alimjibu kwa hasira. "Mimi na Zuhura tumejuana wapi? Nimuozeshe mtoto wa mtu?" Akakohoa. "Mujibu, nakuozesha binti yangu Hajira. Kwa mahari gani?"

Hilo la mahari kila mtu alikuwa amelisahau. Mujibu akainua macho, akamwona Mama Hajira amesimama mlangoni. Mama huyu ameteremka korongoni kuteka maji, ndoo kichwani, tangu usichana wake mpaka shingo ikazama mabegani.

"Kisima cha maji ya mvua," Mujibu alisema taratibu. "Uwanjani kwa mama yake."

"Nimekuozesha kwa mahari hayo."

"Nimekubali kumuoa Hajira binti Fikirini kwa mahari hayo."

Mpiga picha alikuwa anajifuta machozi kwa mkanda wa kamera. Ndipo Maalim Uwesu akaingia, ndevu zinachuruzika maji ya udhu.

"Nimesikia nini mimi?"

"Tumemaliza, Maalim," Madam alisema. "Imetoka nzuri mno!"

"Nani kaozesha?"

"Mimi," alijibu Mzee Fikirini.

"Umemtaja kwa jina lake?"

"Lake hasa."

"Na kijana?"

"Naye."

"Wanaume gani wameshuhudia?"

Mpishi na dereva wa hoteli wakaangaliana.

"Mwali kaulizwa? Kajibu?"

"Kajibu, tena tumesikia wote."

Maalim akaketi kwenye kiti cha Mwingereza, akakunja joho.

"Basi leteni hiyo pilau. Hapa ndoa imepita."

"Maalim! Ilikuwa mchezo!"

"Ndoa haina mchezo, Madam. Nilisema asubuhi, mkaniona mshamba. Huyu ni mke wa huyu. Asiyetaka, njia ni talaka."

Mama Hajira alipiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Hajira alikimbilia barazani. Mujibu akamfuata, akasimama mbali naye kidogo.

"Hajira, usiogope. Mimi nitakuacha. Hata leo hii ukitaka."

"Hata leo?"

"Sitaki kukuharibia. Wewe una mchumba wako."

Hajira akamtazama. Alikuwa anangoja neno lolote lile, hata kikohozi. Mujibu akatazama miguu yake kwenye kanzu fupi.

"Sawa, fundi," Hajira alisema. "Asante kwa kuniharakishia."

Habari ikafika Masasi kabla ya pilau kupoa. Simu ya Hajira ikaanza kulia meseji.

*Nasikia umeolewa???*

*Ulisema ni picha tu*, Hajira alijibu.

*Mwambie huyo fundi atoe talaka leo leo. Watu mnadani wananicheka.*

*Wanakucheka. Na mimi unaniuliza niko vipi?*

*Ijumaa nakuja na wazee. Nikute limekwisha.*

Akazima simu.

Jioni ile Maalim akaitwa nyumbani kwa Mzee Fikirini, Mkunya. Mujibu akaja na kofia mkononi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Talaka ni yako, ukitaka itoe. Ila elewa jambo. Ukimwacha mke kabla hamjaanza maisha, nusu ya mahari ni haki yake. Kama hamtaki hivyo, asamehe."

"Sisamehi," Hajira alisema kutoka ndani. Sauti yake ilikata kama panga.

Mzee Fikirini akakuna kichwa. "Nusu ya kisima ni nini, Maalim?"

"Ni shimo."

Watu wakacheka mpaka kuku wakatoka chini ya uchaga. Lakini Mujibu hakucheka.

"Kisima cha kwenu kina kina gani, mzee?"

"Mtu asimame mabegani kwa mwenzake, ndipo kinaitwa kisima."

"Basi nusu yake ni mabegani kwangu. Nitachimba."

Na akachimba kweli. Alfajiri iliyofuata alikuja na sururu na beleshi, akachora duara nyuma ya jiko, akaanza. Udongo wetu wa Newala ni mchanga mwekundu, haumnyimi mtu, ila unamrudia kama hajui kuuzuia kingo. Mujibu aliuzuia kwa mbao, kwa mkono ule ule uliotengeneza madirisha.

Mama Hajira akamletea kigoda na maji ya kunywa. "Zamani kwetu mume alikuja kwa wakwe kulima," alimwambia mumewe kwa sauti ya kusikika. "Wewe mwenyewe ulilima kwa mama yangu misimu miwili. Huyu angalau kaja kuchimba."

"Nyamaza, Mama Hajira. Huyu anachimba aondoke."

"Mh. Tutaona."

Mkunya nzima ikawa haina kazi nyingine. Waliokuwa wanatoka kuokota korosho walipita kuchungulia. Bodaboda wakipishana barabarani waliulizana.

"Amefika wapi?"

"Magotini."

Kesho yake, "Kiunoni." Wakaanza kuambiana, "Mabega yakizama tu, jueni huyo haachi mke. Akiishia mabegani, Hajira ni wa Swalehe." Kuna waliowekeana dau la kuku.

Hajira alikuwa kazini akisikia yote. Alikaa mapokezi ya Jumba la Ukingoni, wageni wakipanda na kushuka zile ngazi, na kila mkono uliposhika mbao za Mujibu yeye alihisi umemshika yeye. Alikuwa hana raha wala hana huzuni. Siku zile alizipita kama mtu anayeota huku anajua anaota, hataki kuamshwa.

"Wewe," Madam Veridiana alimwita, "funguo za chumba cha juu umempa mgeni wa chumba cha chini. Tena mara ya pili."

"Samahani, Madam."

"Unamtaka yupi?"

"Madam!"

"Mimi ni mtu mzima, niambie."

"Baba ametoa ahadi kwa Swalehe. Na mimi mwenyewe nilisema sawa. Neno letu liko Masasi, Madam. Sijui mtu anakwenda kulichukuaje."

"Na huyo mwingine?"

"Huyo mwingine hajasema kitu."

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata jiko halionekani. Hajira alitoka na chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Alisikia beleshi tu, kha, kha, chini ya ardhi. Akasogea. Kichwa na mabega ya Mujibu vilikuwa vimetokeza juu ya mchanga, kama vimeoteshwa pale.

"Umefika," alisema Hajira.

"Nimefika."

"Mbona bado una beleshi?"

"Nasawazisha kingo."

Akampa kikombe. Alikipokea bila kutoka shimoni, akanywa, mvuke wa chai ukachanganyika na ukungu.

"Mujibu, nikuulize. Miaka miwili tumekuwa pale jumbani. Ulikuwa unangoja nini?"

Mujibu akakizungusha kikombe mkononi.

"Nilisema nikimaliza madirisha nitakwambia. Madirisha yakaisha. Nikasema basi, ngazi. Ngazi nazo zikaisha. Nikaanza milango."

"Ile milango ya juu?"

"Ilikuwa mizima."

"Nini?"

"Haikuwa na ubovu wowote. Niliing'oa nikairudisha."

Hajira aliangua kicheko, akacheka mpaka akaketi chini kwenye mchanga, na alipoketi kicheko kikageuka, machozi yakamtoka.

"Mimi nilikuwa pale mapokezi, mjinga mimi, kila dirisha likiisha nasema leo atakuja. Mpaka wakaja watu wa Swalehe. Nikasema sawa kwa hasira. Unanisikia? Kwa hasira!"

"Nilisikia umeposwa. Nikasema yule ana maghala mawili, mimi nina randa na msumeno."

"Ulimwambia nani?"

"Nilijiambia."

"Ukajijibu."

"Nikajijibu."

"Na pale barazani ukaniambia utaniacha hata leo. Hukunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi!"

"Nilidhani ndicho unachotaka."

"Uliniuliza?"

Mujibu akaweka kikombe ukingoni. "Hapana."

"Nyie wanaume mmoja anatuma mtu asimame badala yake, mwingine ananijibia kabla hajaniuliza."

"Basi nakuuliza sasa. Unataka nini, Hajira?"

Alifungua mdomo. Lakini kutoka ndani baba yake alikohoa kikohozi cha kuamka, na ile ahadi ya Masasi ikamrudia. Akaokota kikombe, akaondoka ndani ya ukungu. Mujibu akabaki amesimama, shimo likimfika mabegani, hazidishi, hatoki.

Ijumaa baada ya swala gari la Swalehe likaingia uwanjani, nyuma wamekaa wazee wawili wa Masasi. Swalehe akashuka, miwani ya jua usoni, akapita akachungulia shimo.

"Mabegani!" alisema kwa furaha. "Umefanya kazi nzuri, fundi. Hata fedha nitakulipa."

"Silipwi," Mujibu alisema.

"Maalim, malizeni. Nina mzigo Mtwara kesho."

Wote wakaketi kwenye mikeka. Mama Hajira alijifunika kanga hadi machoni. Maalim Uwesu akamgeukia Mujibu.

"Kijana, mbele ya hawa, unasemaje?"

Mujibu akasimama. Mikono ilikuwa imepasuka na sururu. Alimtazama Mzee Fikirini, akamtazama Maalim, akavuta pumzi.

"Mimi Mujibu, mke wangu Hajira..."

"Ngoja!"

Hajira alikuwa ametoka. Hakujifunika, hakulia. Alisimama katikati ya uwanja mbele ya wazee, kitu ambacho binti wa kwetu hafanyi.

"Mujibu, ukilitamka hilo neno, litamke ukijua. Hutamwacha mtu wa kwenye picha. Utamwacha mke wako."

Mujibu akafunga mdomo.

"Hajira!" Swalehe aliruka. "Ulikuwa unaigiza wewe! Kila mtu anajua ulikuwa unaigiza!"

"Binti," Maalim aliuliza, na sauti yake ilikuwa imelainika, "hili ni lako peke yako kulisema. Siku ile nyuma ya pazia, ulipojibu ndiyo, uliigiza?"

Hajira akamgeukia baba yake, maana aliyemuuliza siku ile alikuwa yeye.

"Baba, mara ya kwanza ulipouliza nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naigiza. Mara ya pili nilinyamaza kwa sababu niliona siigizi tena. Mara ya tatu nilisema kweli. Nisamehe. Ahadi yako nimeivunja mbele ya watu, na aliyeniuliza ni wewe mwenyewe."

Mzee Fikirini akawageukia wazee wa Masasi.

"Ndugu zangu, niliwapa ahadi, na ahadi ni kitu kizito. Lakini yule kijana nilimpa mkono, nikamtajia jina la mwanangu. Nawaomba radhi. Vitu vyenu vyote vitarudi, na juu yake gunia langu moja la korosho."

Swalehe akavua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeumia kweli, si mtu aliyepoteza mzigo.

"Kwa hiyo mimi, Hajira? Mimi sikukupenda?"

"Ulinipenda ukiwa na nafasi," Hajira alimjibu bila ukali. Akavua pete yake ya uchumba, akamwekea kiganjani. "Naomba radhi, Swalehe. Ningekwambia mapema. Kosa langu ni hilo, na ni langu."

Swalehe aliitazama pete, akaifumbata. "Nilisema ni picha tu," alijisemea, akaenda kwenye gari. Wazee wakamfuata. Mmoja wao alimshika Mzee Fikirini bega kabla ya kupanda.

Gari likatoka. Maalim akakohoa.

"Kijana, uliishia 'mke wangu Hajira'. Malizia."

"Nimemaliza, Maalim," Mujibu alisema. "Hapo hapo ndipo sentensi inapoishia."

Akaruka shimoni, beleshi likaanza kurusha mchanga, na mara mabega yakazama, na shingo, na kichwa. Mama Hajira hakuziba mdomo safari hii. Vigelegele vyake vikafika barabarani, na bodaboda waliopoteza dau wakaenda kutafuta kuku.

Walimu wa unyago, majirani, watu wa jumba, wote walikuja karamuni mvua za kwanza zilipoanza. Madam Veridiana akawapa chumba cha juu, kile chenye dirisha la bondeni, usiku mmoja bila malipo, akamwambia Mujibu, "Na hiyo milango uliyoing'oa mizima, bwana, tutaizungumza." Video yake aliitoa vile vile, na wageni wanaiulizia mpaka leo, wanadhani wale wawili ni waigizaji hodari.

Asubuhi yake ukungu ulipanda ukafunika jumba lote. Hajira alikuwa dirishani, nywele zimefumuka, anatazama weupe mtupu. Mujibu akaja akasimama nyuma yake. Akasafisha koo, akasita, akasafisha tena.

"Hajira."

"Abee."

"Kuna jambo nimekuwa nataka kukwambia siku nyingi."

"Sema, mume wangu."

"Nakupenda."

Hajira akageuka, akamtazama huyo mwanamume mzima anayetetemeka kwa neno moja, na macho yakamjaa maji.

"Umechelewa," alimwambia, akicheka na kulia kwa pamoja. "Tumeshaoana."

Kisha akamwomba aliseme tena, na Mujibu akalisema.